Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda: Tununue Gari la Shepu Mpya Mwaka Wake wa Kwanza?

Makomredi, wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama zetu, tukaisahau. Leo nataka tuitoe kwenye karatasi ya mtihani tuipeleke kwenye yadi ya magari, maana huko ndiko inakolipiwa kwa pesa taslimu.

Najua mtu atauliza: mwanafunzi anayesubiri HELB ana habari gani na magari? Anazo, tena nyingi. Kwa wengi wetu, gari la kwanza ndilo litakuwa deni kubwa la kwanza baada ya kuajiriwa. Na hata kabla ya siku hiyo, si unajua jinsi mambo yalivyo nyumbani: ukishafika chuo kikuu, wewe ndiye unayeulizwa kila kitu. Simu ikisumbua ni wewe, fomu ya serikali ni wewe, na mjomba akitaka kununua gari, ni wewe unayetumiwa picha kwenye WhatsApp na swali moja tu: "Hii iko sawa?"

Muhula uliopita, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwalimu mmoja aliyekuwa akinisimamia aliniuliza swali hilohilo. Alikuwa amepitishiwa mkopo na sacco yake, miezi 48, na moyo wake ulikuwa kwenye gari dogo la shepu mpya. Mwenye yadi alikuwa amemwambia hilo ndilo la mwaka wa kwanza wa shepu hiyo, ndiyo maana bei yake ni nafuu kuliko mengine. Je, hiyo ilikuwa sababu ya kununua au ya kukimbia? Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, nikaenda kusoma. Makala haya ni matunda ya kusoma huko.

SHEPU MPYA NI NINI HASA?

Tuanze na maana, kama tunavyofundishwa kuanza somo lolote. Watu wakisema "shepu mpya" huwa wanachanganya mambo matatu tofauti.

La kwanza ni gari kubadilishiwa sura tu. Taa zinachongwa upya, bampa linabadilishwa, ndani wanaweka skrini kubwa zaidi. Chini ya boneti ni injini ileile, giaboksi lilelile. Hii watengenezaji huifanya katikati ya maisha ya modeli ili isichoshe macho ya wateja.

La pili ni gari kubadilishwa mwili mzima: fremu mpya, milango mipya, waya mpya, lakini injini na giaboksi vimetolewa kwenye modeli nyingine ambayo tayari imekuwa barabarani miaka kadhaa.

La tatu ni gari kubadilishwa mwili pamoja na moyo. Injini mpya, giaboksi jipya, labda na mfumo wa haibridi ambao haujawahi kuuzwa popote. Hapa ndipo kilipo kidonda cha methali yetu, kama kipo.

Kwa hivyo mtu akikwambia "usinunue gari la mwaka wa kwanza kamwe," mwulize kwanza anazungumzia lipi kati ya haya matatu. Kuogopa taa mpya ni kujinyima bure. Kutoogopa giaboksi jipya ni kujitia kwenye majaribio bila kulipwa.

KWA NINI MWAKA WA KWANZA HUWA NA MATATA?

Sisi wa kitivo cha elimu jambo hili tunalielewa vizuri kuliko tunavyodhani. Katika somo la upimaji tulifundishwa kwamba mtihani mpya haupewi watahiniwa wote kabla ya kujaribiwa kwa kundi dogo. Kundi hilo huonyesha swali lipi lina utata na maagizo gani hayaeleweki. Lakini hata ukijaribu namna gani, siku mtihani unapofika mikononi mwa maelfu ya watoto, kutatokea mmoja atakayelisoma swali kwa njia ambayo hakuna mtungaji aliyeiwaza.

Magari ni hivyohivyo. Kabla ya kuzinduliwa, modeli mpya hujaribiwa kwenye baridi kali, kwenye jangwa, milimani na kwenye viwanja maalumu. Hata hivyo, magari ya majaribio ni machache, na wanaoyaendesha ni wataalamu. Siku ya kuuzwa, gari linaingia mikononi mwa maelfu ya watu: mmoja anaendesha dakika tano tu kila siku hadi sokoni, mwingine anapanda mlima akiwa kwenye foleni, mwingine hamwagi oili mpaka taa iwake. Hao ndio hulifanyia gari mtihani wenyewe.

Tena si muundo peke yake ulio mpya, bali kiwanda pia kinajifunza. Wafanyakazi wanafunga sehemu ambazo hawajazizoea, mashine zimepangwa upya, na wasambazaji wa vipuri wametengeneza vifaa vipya kwa mara ya kwanza kwa wingi. Kosa dogo la boliti kukazwa vibaya laweza kurudiwa kwenye magari elfu moja kabla ya mtu kuligundua. Na siku hizi kuna kompyuta kila mahali. Giaboksi linaongozwa na programu, breki zinaongozwa na programu. Programu mpya huwa na kasoro, kama zile za simu yako zinazotaka kusasishwa kila wiki.

Ukitaka mfano wa karibu, kumbuka kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi lililoingia Gredi ya 7 Januari 2023. Watoto hao si wajinga, na walimu wao si wavivu. Ila waliingia darasani wakati mambo mengi bado yalikuwa yakipangwa, na makundi yaliyofuata yalikuta njia imekanyagwa. Mzazi hawezi kuchagua mwaka wa kuzaliwa wa mtoto ili akwepe kundi la kwanza. Mnunuzi wa gari anaweza.

SOMO LA HONDA FIT YA 2013

Sasa tutoke kwenye nadharia. Kuna gari moja ambalo historia yake inafundisha jambo hili waziwazi, na bahati nzuri, au mbaya, ni gari tunalopishana nalo kila siku Nairobi, Nakuru na Mombasa: Honda Fit ya kizazi cha tatu.

Fit hiyo ilianza kuuzwa Japani Septemba 2013, ikiwa ya aina ya tatu kati ya zile nilizotaja, mwili mpya na moyo mpya. Toleo lake la haibridi lilikuja na mfumo ambao Honda waliuita i-DCD: injini ya lita 1.5, betri ya lithiamu, na giaboksi la gia saba lenye klachi mbili na mota ya umeme ndani yake. Klachi moja inashughulika na gia 1, 3, 5 na 7, ya pili na gia 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye gia moja, kompyuta tayari imeandaa inayofuata. Kwenye karatasi ilikuwa kazi safi sana. Kwa kipimo cha Japani ilitangazwa kwenda kilomita 36.4 kwa lita moja ya petroli, na wateja wakaifuata kwa shangwe.

Lakini wapi! Mwezi uliofuata tu, Oktoba 2013, Honda waliita magari yarudi kwa mawakala kurekebishwa. Hapa nieleze kidogo: mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama, hutoa wito, wamiliki wanapeleka magari, na kazi inafanywa bila malipo. Kwa Fit, tatizo kubwa lilikuwa kwenye programu inayoongoza lile giaboksi jipya. Gari lingeweza kuchelewa kuondoka, au kukataa kabisa kwenda. Desemba ukatoka wito wa pili. Februari 2014 wa tatu, zaidi ya magari 80,000, safari hii pamoja na Vezel, ndugu yake aliyezinduliwa Desemba 2013 akiwa na giaboksi lilelile. Julai 2014 wa nne, magari takriban 175,000, kwa sababu programu ingeweza kufanya gari liongeze kasi bila dereva kukusudia. Oktoba 2014 wa tano, zaidi ya magari 425,000, ukijumuisha na modeli nyingine za Honda.

Hesabu mwenyewe: nyito tano katika takriban mwaka mmoja. Jambo likawa zito hadi rais wa Honda wakati huo, Takanobu Ito, akakubali kukatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi mitatu, na wakubwa wengine wa kampuni wakakatwa wao pia.

Kwa nini kampuni yenye sifa kama Honda ilijikwaa hivyo? Sehemu ya jibu ni ile tuliyoiona: kila kitu kilikuwa kipya kwa pamoja. Sehemu nyingine ni haraka. Septemba 2012 Ito alikuwa ametangaza lengo la kuuza magari zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, karibu mara mbili ya yale waliyokuwa wakiuza. Modeli mpya zikatakiwa zitoke kwa kasi. Mrithi wake, Takahiro Hachigo, aliyeshika usukani mwaka 2015, aliliacha lengo hilo.

Honda wenyewe walijifunza. Fit ya kizazi cha nne, iliyozinduliwa Februari 2020, haikutumia tena i-DCD. Walichukua mfumo mwingine wa haibridi ambao walikuwa wameutumia kwa miaka kwenye magari yao makubwa. Zaidi ya hayo, gari hilo lilikuwa limepangwa kutoka 2019, likacheleweshwa kwa sababu ya sehemu moja ya breki iliyohitaji kurekebishwa. Afadhali kuchelewa kuliko kuita magari laki nne.

Na nisiwaonee Honda. Toyota, ambao hapa kwetu jina lao ni kama kiapo, walizindua gari lao la umeme bZ4X mwaka 2022. Juni mwaka huohuo wakaliita, magari takriban 2,700 duniani, kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea na gurudumu kuchomoka. Walifika mahali pa kuwaambia wateja wasiyaendeshe, na baadaye wakajitolea kuyanunua tena kwa wasiotaka kuendelea nayo. Kumbe jina kubwa peke yake si kinga ya mwaka wa kwanza.

KUTOKA TOKYO HADI MOMBASA: NANI ANALIPA?

Hapa ndipo makala yangu yanapotaka kufika, kwa hivyo tusome polepole.

Mjapani aliyenunua Fit mpya mwaka 2013 alisumbuka, ndiyo. Alipoteza muda kwenda kwa wakala mara kwa mara. Lakini pesa zake hazikuguswa sana. Dhamana ya kawaida ya watengenezaji wa Japani ni miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa sehemu kuu kama injini na giaboksi ni miaka 5 au kilomita 100,000. Nyito nazo hazina malipo. Kasoro ya mwaka wa kwanza ililipwa na Honda.

Sasa tulifuate gari lile baharini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Hiyo ni kanuni ya KEBS ya siku nyingi. Maana yake ni kwamba Fit ya 2013 iliweza kuingia hapa hadi mwaka 2020, na ya 2014 hadi mwaka 2021. Na sababu ushuru hupunguzwa kadiri gari linavyozeeka, gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa ndilo rahisi kuliko yote.

Umeona mtego ulipo? Kila shepu mpya inapokaribia kutimiza miaka minane, mlango wa bei nafuu wa kuiingia ni mwaka wake wa kwanza. Mwenye pesa ndefu ananunua ya mwaka wa tatu au wa nne, iliyokwisha kunyooshwa kiwandani. Mwalimu mwenye mkopo wa sacco anapelekwa na bei moja kwa moja kwenye mwaka wa majaribio. Na anapofika hapo, dhamana imekwisha, barua za wito zinatumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani, na fundi wa mtaani huenda hajawahi kulifungua giaboksi la aina hiyo.

Tupige hesabu kwa mfano tu. Tuseme mkopo ni shilingi 900,000 kwa miezi 48. Kabla ya riba, hiyo ni shilingi 18,750 kila mwezi. Tuseme giaboksi likakataa na kulibadilisha kunataka shilingi 150,000. Hiyo ni sawa na miezi minane ya malipo ya mkopo, na mkopo wenyewe hausimami kungoja gari litoke gereji. Ukilinganisha, kama gari la mwaka wa pili au wa tatu lingekugharimu shilingi 80,000 zaidi, "nafuu" ya mwaka wa kwanza imekuwa hasara ya shilingi 70,000, bila kuhesabu siku ulizopanda matatu huku gari lako liko juu ya mawe.

Ndiyo maana nasema swali la mwaka wa kwanza si la matajiri peke yao. Tajiri analikuta dukani, likiwa na dhamana. Sisi tunalikuta miaka saba baadaye, likiwa na upweke.

MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE

Nimevutia ngozi upande wangu vya kutosha. Haki inataka niseme na ya upande wa pili, maana yapo, na yana uzito.

Kwanza, sisi tunanunua baada ya majibu kutoka. Mjapani wa 2013 alinunua gizani, hakuna aliyejua giaboksi lile litafanya nini. Sisi tunajua. Nyito zote zimeandikwa, mafundi wameona magonjwa, wamiliki wamelalamika hadharani. Gari la mwaka wa kwanza ambalo nyito zake zote zilifanyiwa kazi, na likaendeshwa miaka saba bila shida, limeshafaulu mtihani wake. Kulikataa kwa sababu ya mwaka tu ni kama kumnyima mtu kazi kwa sababu alisoma katika kundi la kwanza la mtaala mpya.

Pili, kusubiri hakukulindi na kila kitu. Wakumbuke Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa ya usalama kwa watengenezaji wengi wa magari. Kemikali iliyokuwa ndani ya vilipuzi vya mifuko hiyo iliharibika polepole kwa joto na unyevu, hadi mfuko ukafyatuka kwa nguvu na kurusha vipande vya chuma. Kasoro hiyo haikuwa ya mwaka wa kwanza wa modeli fulani. Ilikaa ndani ya magari ya miaka mingi, na ilizidi kadiri gari lilivyozeeka. Ikawa wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, na Takata wakafilisika mwaka 2017. Mtu aliyejivunia kununua modeli "iliyokomaa" alikuwa nayo vilevile.

Tatu, kipya wakati mwingine ni bora kweli. Breki za kisasa, mwili imara zaidi wakati wa ajali, mafuta kidogo. Anayesubiri milele atabaki anaendesha makosa ya zamani akidhani ni busara. Chelewachelewa utapata mwana si wako.

Nne, inategemea nani anabeba hatari. Mwaka 2022, mabasi ya umeme ya BasiGo yalipoanza Nairobi kwa mabasi mawili ya majaribio, wenye matatu hawakutakiwa kubeba kila kitu peke yao. Mpango wao ulikuwa mwenye basi alipe kwa kila kilomita, na malipo hayo yajumuishe betri, kuchaji na matengenezo. Huo ni utaratibu wa busara kwa kitu kipya: anayekijua zaidi ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa kasoro zake. Ukipata gari jipya la mwaka wa kwanza lenye dhamana ndefu iliyoandikwa, na wakala aliye karibu, hofu nyingi inapungua.

HATUA ZA KUFUATA KABLA YA KULIPA

Kutokana na hayo yote, hivi ndivyo ningemshauri mtu wangu wa karibu.

1. Jua kizazi, si mwaka tu. Kila gari la Japani lina msimbo wa chesisi. Fit ya kizazi cha tatu ya haibridi ni GP5, au GP6 kama inavuta magurudumu manne. Ya petroli ya lita 1.3 ni GK3. Kwa nje zinafanana, ila moyo ni tofauti: GK3 ya kawaida haina lile giaboksi la klachi mbili, inatumia la CVT. Watu wawili wanaweza kununua "Fit ya 2013" siku moja, yadi moja, na wakawa wamenunua magari mawili tofauti kabisa.

2. Uliza nini kilibadilika. Ni sura, mwili, au moyo? Kama ni sura tu, mwaka wa kwanza usikunyime usingizi. Kama ni moyo, endelea kwa hatua zinazofuata bila kuruka hata moja.

3. Tafuta historia ya nyito. Chukua namba kamili ya chesisi kabla ya kulipa chochote. Watengenezaji wa Japani wana kurasa ambako unaweka namba hiyo na kuona kama gari lina wito ambao haujafanyiwa kazi. Kurasa ni za Kijapani, lakini simu yako inatafsiri. Mwenye yadi akikataa kukupa namba, ameshakujibu.

4. Omba karatasi ya mnada. Magari mengi ya mtumba hupitia minada ya Japani, na karatasi hiyo huonyesha daraja la gari, kilomita zake na dosari zilizoonekana. Angalia pia mwezi wa usajili. Gari la miezi ya mwanzo kabisa na gari la mwisho wa mwaka huohuo yanaweza kuwa yametoka kwenye kiwanda kilekile kikiwa na ujuzi tofauti.

5. Ongea na fundi kabla ya kuongea na dalali. Swali lako kwake si "hili gari ni zuri?" bali "umeshafungua giaboksi la gari hili mara ngapi, na spea zake unazitoa wapi?" Kama jibu lake ni kwamba atalitafutia Kirinyaga Road akibahatika, jua ni wewe utakayemlipia masomo.

6. Liendeshe likiwa baridi na likiwa moto. Kasoro za giaboksi za klachi mbili hupenda kujificha asubuhi. Kwenye foleni ya kusogea kidogokidogo, klachi kavu inateleza na kutoa joto. Hapo ndipo utasikia mshtuko, kusita au kuona onyo kwenye dashibodi. Kuzunguka yadi mara moja si majaribio.

7. Weka akiba ya matatizo kabla ya kusaini mkopo. Kama mkopo unakumaliza hadi shilingi ya mwisho, usinunue gari la moyo mpya la mwaka wa kwanza hata likiwa rahisi namna gani. Huna mahali pa kuangukia.

JIBU LANGU

Nikirudi kwa swali la mwalimu: kama gari lilibadilishwa moyo, na tofauti ya bei na lile la mwaka wa pili au wa tatu si kubwa, nunua lile lililofuata. Kama la mwaka wa kwanza ndilo pekee linalofika mfukoni mwako, usilinunue kwa macho, linunue kwa namba ya chesisi. Yeye mwenyewe, mara ya mwisho tulipoongea, alikuwa bado hajalipa. Alikuwa amemwomba mwenye yadi ile namba, na anangojea.

Kwa sisi tutakaoajiriwa karibuni, somo hili lina tarehe. Mwaka 2020 Japani ilileta magari madogo mawili ambayo bila shaka tutayatamani: ile Fit ya kizazi cha nne, na Toyota Yaris iliyochukua nafasi ya Vitz, ikiwa na fremu mpya na injini mpya. Kwa kanuni ya sasa, mwaka 2027 yale ya 2020 ndiyo yatakuwa ya mwisho kuruhusiwa kuingia Kenya, kwa hivyo ndiyo yatakuwa rahisi zaidi ya shepu hizo. Sisemi ni mabaya. Nasema majibu yao tayari yapo, na tuna muda wa kuyasoma kabla dalali hajatuonyesha rangi inavyong'aa.

Aliyenunua Tokyo alikuwa na dhamana lakini hakuwa na habari. Sisi hatuna dhamana, ila habari tunazo. Anayenunua bila kuzitafuta atabaki hana hili wala lile.

ZOEZI

Kwa wale wanaopenda kufanya kazi ya ziada, au wanaotumiwa picha na wajomba:

(a) Chagua gari moja ambalo mtu wa familia yako analo au analitaka. Tafuta mwaka ambao kizazi chake kilianza, na useme kama kilibadilishwa sura, mwili au moyo.

(b) Tafuta kama lilitolewa wito wowote katika miaka yake miwili ya kwanza, na ulihusu sehemu gani.

(c) Piga hesabu: gharama ya kubadilisha sehemu hiyo ni sawa na malipo ya miezi mingapi ya mkopo wake?

(d) Mpelekee majibu kabla hajalipa. Akishalipa, yatakuwa masimango.